Redio ya Asubuhi, Redio ya Usiku

Babu yangu alikuwa na redio moja na desturi mbili. Asubuhi aliifungulia kwa nguvu mpaka jirani asikie. Usiku aliishusha sauti, akaweka sikio karibu na kitambaa cha spika kama mtu anayesikiliza mgonjwa akipumua. Haya nimesimuliwa na shangazi, maana babu alifariki nikiwa darasa la pili.

Mimi nilisomea mawasiliano mpaka mwaka wa pili, karo ikanishinda, nikatoka. Kabla ya kutoka tulifunzwa historia ya utangazaji kwa saa moja tu. 1928 redio ilianza Nairobi, 1964 ikaitwa Sauti ya Kenya, andikeni, tuendelee. Hapo katikati je? Ni nani aliyeitandaza redio nchi nzima, na alikuwa anatafuta nini? Hilo halikuulizwa, na mimi pia sikuuliza.

Basi twende pole pole. Redio ya 1928 haikuwa yetu. Ilitangaza kwa Kiingereza kwa ajili ya masetla waliotaka habari za kwao. Kwa miaka mingi iliendeshwa na kampuni ya Cable and Wireless, kwa mkataba na serikali. Mwafrika aliingia kwenye hesabu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu vijana wake walikuwa Abisinia na Burma wakipigana. Serikali ilitaka wazazi wao wapate habari za vita kutoka kwake, si kutoka sokoni.

Vita viliisha 1945, na shida ikabaki ya chombo chenyewe. Redio za wakati ule zilikuwa ghali, na vijijini hakukuwa na umeme. Jawabu lilitoka mbali kidogo, Lusaka. Mwaka 1949, Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini, alishirikiana na kampuni ya Ever Ready wakatoa redio ndogo ya betri, mwili wake umetokana na sufuria ya alumini. Waliiita Saucepan Special na kuiuza pauni 5, betri mbali. Kwa mfanyakazi wa mshahara mdogo hiyo bado ilikuwa pesa nzito, lakini sasa mtu angeweza kujinyima akainunua.

Huku Kenya, kilichoisukuma serikali haukuwa upendo. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka uliofuata, 1953, ndipo ikaundwa African Broadcasting Service, kutangaza kwa Kiswahili na kwa lugha kama Kikuyu, Dholuo na Kikamba. Hebu piga hesabu. Idhaa ya Waafrika ilichukua miaka 25 kufika, na ilipofika iliandamana na bunduki. Mwaka 1954 serikali ilianza kuwahamisha watu wa Mkoa wa Kati kwa nguvu na kuwaweka kwenye vijiji vya kulindwa. Waliohamishwa walipita milioni moja, katika vijiji zaidi ya 800. Mkono mmoja ulikuwa unachimba handaki kuzunguka kijiji, na mwingine unashika maikrofoni.

Kisha vikaja vituo vya mikoani. Sababu yake ni ya kiufundi, lakini si ngumu. Mawimbi mafupi husafiri mbali sana, ila sauti huja ikipotea, huja ikipotea. Mawimbi ya kati husikika safi, ila hayaendi mbali. Ukitaka kusikika vizuri Kisumu, lazima uweke mtambo karibu na Kisumu. Ndivyo Kisumu na Nyeri zilivyopata vituo, na Mombasa ikapata Sauti ya Mvita.

Tusidanganyane, Sauti ya Mvita ilipendwa. Shangazi akiitaja hata leo, uso hulainika. Palikuwa na taarabu, na palikuwa na lugha ya watu wa pale pale ikitoka ndani ya sanduku. Watu hawakuuliza nani analipia mtambo. Waliketi mkahawani wakasikiliza.

Lakini kisanduku kinachoshika Mombasa hushika na kwingineko. Julai 1954, Cairo ya Gamal Abdel Nasser ilianza matangazo ya Kiswahili, na baadhi ya watangazaji wake walikuwa Waswahili wa kwetu huku, kutoka Zanzibar. Walimtaja mkoloni bila kung'ata maneno. Waingereza wakaona dawa ya moto ni moto, na Juni 1957 BBC nayo ikaanza Kiswahili. Kufikia mwisho wa mwongo huo redio za transista zilikuwa zinaingia, ndogo, za betri za kawaida. Serikali ilikuwa imewazoesha watu kusikiliza, sasa haikuweza kuwachagulia cha kusikiliza. Shangazi alimuuliza babu kwa nini basi hasikilizi Cairo tu, aachane na ya serikali. Akajibiwa, "Ya asubuhi ni kujua wanataka tuamini nini."

Mwaka 1959 Cable and Wireless ikaondoka, mwaka 1961 likaundwa shirika la KBC, na mwaka 1964 serikali ya uhuru ikalichukua likawa Sauti ya Kenya, chini ya wizara. Bendera ilibadilika, mitambo ikabaki ile ile, na mwelekeo wa sauti pia, kutoka juu kwenda chini. Ndiyo maana tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga waliotaka kupindua nchi walikimbilia redio, wakamshurutisha Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Waliamini kama mkoloni alivyoamini, kwamba mwenye maikrofoni ndiye mwenye nchi. Kabla ya siku kuisha kituo kilikuwa kimekombolewa, na nchi ikasikiliza tangazo jingine.

Yule mwalimu wangu hakudanganya, tarehe zake zote ni za kweli. Ila zote ni tarehe za watu waliokuwa na mtambo. Waliokuwa na kisanduku tu, kama babu, hawamo.

Redio yake bado iko kwa shangazi, juu ya kabati. Haishiki kitu tena. Nimeigeuza geuza mkononi, na kile kitufe cha kutafutia stesheni kimelika kabisa. Cha sauti kiko kama kipya.