Nafasi ya 4, Afrika, Halafu Shimoni: Kilichoikuta Geita Gold na Ubishi Usioisha Chato

Ukitaka kuona watu wazima wakigombana bila kupigana, taja Geita Gold kwenye kijiwe chochote cha bodaboda Chato, Buseresere au Muganza. Ndani ya dakika tano kutakuwa na anayelaumu kocha, anayelaumu halmashauri, anayelaumu mgodi, na mmoja pembeni, kavaa jezi ya Yanga, anayecheka tu. Huyo wa mwisho ndiye anayeudhi kuliko wote.

Ubishi wenyewe una tarehe. Mei 28, 2024, siku ya mwisho ya msimu wa 2023/24, Azam FC ilikwenda Nyankumbu mjini Geita na kushinda 2-0. Azam ikakamata nafasi ya pili mbele ya Simba kwa tofauti ya mabao. Geita Gold ikashuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar. Kinachouma zaidi ni kwamba mwezi huohuo bei ya dhahabu duniani ilivunja rekodi, wakia moja ikapita dola 2,400. Mawe yalikuwa yanapanda, timu yenye jina la mawe hayo inazama. Utani huo ulianza siku ileile na haujaisha mpaka leo.

Ila stori ya hii timu haikuanzia Nyankumbu, na wengi wanaobishana sasa hivi walikuwa shule ya msingi yalipotokea mambo ya 2016.

Turudi huko kidogo. Msimu wa 2015/16, Geita Gold ilikuwa Daraja la Kwanza, Kundi C, ikifukuzana na Polisi Tabora. Anayeongoza kundi anapanda Ligi Kuu. Ikafika Februari 2016, siku ya mwisho, timu zimekabana na hesabu ni ya mabao. Geita ikaifunga JKT Kanembwa 8-0. Kwingineko Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Mabao 15 katika mechi mbili za siku moja, zote za timu mbili zinazogombea nafasi moja! Hata mtoto wa darasa la pili angeuliza swali. TFF nayo iliuliza, na Aprili ikatoa jibu: timu zote nne zikashushwa kwa upangaji wa matokeo, na viongozi kadhaa wakafungiwa.

Nafasi ikaangukia kwa Mbao FC ya Mwanza, ambayo wala haikuwa kwenye mbio za mwisho. Mwaka uliofuata Mbao hiyohiyo iliitoa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la FA pale Kirumba, ikaenda kucheza fainali na Simba Dodoma, Mei 2017, na kufungwa 2-1 kwa shida. Mashabiki wa Geita waliangalia mechi ile wakijua kabisa ile ndoto ilikuwa iwe ya kwao. Wazee wa mpira kanda ya ziwa wakiambiwa Geita ina bahati mbaya hujibu kwamba bahati mbaya haifungi mabao nane.

Ikabidi timu ianze upya kutoka chini. Ilichukua miaka mitano, na hapa lazima watu wapewe heshima yao, kwa sababu timu nyingi zikipigwa rungu la namna ile hufa kabisa. Mwaka 2021 Geita Gold ikapanda Ligi Kuu pamoja na Mbeya Kwanza. Mmiliki wakati huo alikuwa Halmashauri ya Mji wa Geita, mdhamini mkubwa alikuwa GGML, wale wenye mgodi mkubwa wa dhahabu ulioanza uzalishaji mwaka 2000.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Kocha Etienne Ndayiragije alitimuliwa mapema, Fred Felix Minziro akashika usukani, na ghafla mambo yakakubali. Timu mpya kwenye ligi ikamaliza ya 4, nyuma ya Yanga, Simba na Azam tu. George Mpole akamaliza na mabao 17, akampita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Mzawa, anachezea timu ya mkoani, anabeba kiatu cha ufungaji mbele ya mshambuliaji aliyekuwa anatetemesha nchi nzima! Msimu ule hata wale wa Yanga na Simba pale Chato walijikuta wanasema "timu yetu" wakimaanisha Geita.

Hilo la "timu yetu" nalo si dogo. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo mpaka ilipopata wilaya yake mwaka 2005, na ilikuwa mkoa wa Kagera mpaka mkoa wa Geita ulipoanzishwa 2012. Kwa hiyo mtu mzima wa Chato ambaye hajahama hata nyumba moja amewahi kuwa wa mkoa wa Kagera Sugar, kisha akaamka ni wa mkoa wa Geita Gold. Mwaka 2021 ikaja hoja ya Chato yenyewe kuwa mkoa. Vijana wakaanza kuuliza, mkoa ukija na timu itakuwa ipi? Kuna kundi Chato mpaka leo linasema Geita Gold ni timu ya Geita mjini, wao haiwahusu. Kundi hilo lilikuwa kimya sana msimu wa nafasi ya 4.

Na safari zake zilikuwa za kujitoa. Mwanzoni Geita ilitumia Kirumba, Mwanza. Shabiki wa Chato aliyetaka kuiona timu yake "nyumbani" alipita Geita, akafika Busisi, akasubiri kivuko, akavuka ziwa mpaka Kigongo, ndipo aingie Mwanza. Kurudi hivyohivyo, usiku. Baadaye mechi zikahamia uwanja wa Shule ya Wasichana Nyankumbu, Geita mjini, na angalau maji yakaondoka kwenye bajeti ya nauli.

Sasa Afrika. Kwa ile nafasi ya 4, Geita ikaingia Kombe la Shirikisho 2022/23, ikapangwa na Hilal Alsahil ya Sudan. Ikatoka raundi ya kwanza kabisa, kwa kanuni ya bao la ugenini. Halafu Mpole akaondoka kwenda FC Lupopo ya Lubumbashi. Hapo ndipo wabishi wa kijiweni wanapogawanyika vipande viwili, na vyote vina hoja.

Upande wa kwanza unasema timu ilikufa siku Mpole alipoondoka. Ukijenga nyumba juu ya mtu mmoja, akitoka paa linamfuata. Upande wa pili unasema huo ni uvivu wa kufikiri, kwamba timu inayodhaminiwa na mgodi haipaswi kulia kwa sababu ya mshambuliaji mmoja. Tatizo, wanasema, ni makocha kubadilishwa kila mara na usajili usioeleweka. Msimu wa kushuka ulianza na Hemed Suleiman 'Morocco' kwenye benchi, ukamalizika akiwa Denis Kitambi. Ukiangalia kwa utulivu, upande wa pili una nguvu zaidi: Mpole aliondoka katikati ya msimu wa 2022/23, timu ikabaki ligini msimu ule, na ilishuka mwaka mzima baadaye. Mtu mmoja hawezi kubeba lawama ya miezi yote hiyo.

Lakini pande zote mbili zinasahau jirani. Ukitoa macho Geita ukayapeleka kanda nzima, unakuta makaburi yamepangwa. Biashara United ya Musoma ilimaliza ya 4 msimu wa 2020/21, ikaenda Kombe la Shirikisho, ikaipiga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 nyumbani, halafu ikashindwa kusafiri kwenda marudiano. Msimu huohuo ikashuka daraja. Nafasi ya 4, Afrika, shimoni: njia ileile aliyokuja kuipita Geita, tena Biashara iliimaliza kwa haraka zaidi. Gwambina ya Misungwi ilikaa Ligi Kuu msimu mmoja tu. Alliance ya Mwanza miwili. Mbao, ile ya fainali na Simba, minne.

Na Shinyanga ndiyo darasa lenyewe. Stand United, Chama la Wana, ilizaliwa na wapiga debe wa stendi ya mabasi ya Shinyanga. Ikapanda Ligi Kuu 2014 kwa nguvu za watu. Mwaka 2015 ikaja Acacia, kampuni ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, na udhamini ambao timu za mikoani zilikuwa zinauota tu. Badala ya pesa kuijenga timu, pesa zikaigawa. Kukawa na Stand United Kampuni na Stand United Wananchi, kila upande unadai timu ni yake. Mwaka 2016 Acacia ikajitoa. Stand ikajikongoja mpaka 2019, ikashuka. Mwadui FC, timu ya mgodi wa almasi, haikuwa na ugomvi wa aina ile, ila nayo ilishuka 2021. Dhahabu, almasi, yote kanda hii imejaribu.

Ndiyo maana ile hoja ya "tuongezewe pesa na mgodi" inachekesha kidogo. Pesa ya mgodi inalipa mishahara ya mwezi. Haijengi akademia ya watoto wa Katoro na Chato isipokuwa mtu ameamua ijenge, na kwenye ubishi wa kijiweni hakuna anayeuliza hilo. Wanauliza straika mpya anatoka wapi.

Msimu wa 2024/25 ukaleta kichekesho cha mwaka. Waliopanda moja kwa moja kutoka Championship walikuwa Mtibwa Sugar, walioshuka pamoja na Geita, na Mbeya City. Nafasi iliyobaki ikagombewa kwa mtoano, na waliokutana ni nani? Geita Gold na Stand United. Chama la Wana wakapita, Geita ikabaki. Halafu Stand nao wakakutana na Fountain Gate ya Ligi Kuu wakafungiwa mlango. Wote wawili wakarudi walikotoka. Kama hiyo haitoshi, Kagera Sugar nayo ikashuka msimu huohuo. Kwa hiyo yule mzee wa Chato aliyekataa kuihama timu ya mkoa wake wa zamani, aliyekuwa anawacheka wenzake mwaka mzima, naye akajikuta kwenye benchi lilelile la mbao akisubiri mechi za Championship.

Juni 19, 2025, Rais Samia akafungua daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa. Safari ya kivuko iliyowatesa mashabiki wa Chato msimu wa nafasi ya 4 sasa ni dakika chache kwa gari. Timu ya Ligi Kuu ya kuvukia kwenda kuiangalia Mwanza ipo, inaitwa Pamba Jiji. Wengine wameshaanza kwenda. Wanaobaki wanawaita wasaliti, na ubishi mpya umeshaanza.