Kauri: konokono mdogo wa pwani na safari ya jina lake

Katika miamba na fukwe za Bahari ya Hindi, pwani yote ya Afrika Mashariki ikiwamo, anaishi konokono mdogo wa baharini ambaye gamba lake lina urefu wa takriban sentimita mbili na nusu, na ambaye wataalamu wa viumbe humwita Monetaria annulus, jina la Kilatini ambalo sehemu yake ya kwanza inahusu fedha na ya pili ina maana ya pete. Waswahili wamemwita kauri, kete na simbi. Majina hayo yote, ya kitaalamu na ya wenyeji, hayakutoka mahali pamoja wala wakati mmoja, na anayeyafuatilia hujikuta akisoma historia ya biashara ya bahari hiyo, kwa kuwa gamba la konokono huyu lilikuwa sarafu ya mamilioni ya watu walioishi mbali kabisa na bahari.

Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana, konokono huyu huonekana chini ya mawe na katikati ya majani ya bahari. Mgongo wake ni wa rangi nyeupe au ya kijivu iliyoelekea samawati, nao umezungukwa na mstari wa rangi ya dhahabu uliokaa kama pete. Upande wa chini kuna upenyo mrefu na mwembamba wenye vijino pande zote mbili. Gamba hilo hung'aa bila kusuguliwa na mtu yeyote, kwa sababu konokono akiwa hai hulifunika kwa ngozi laini ya mwili wake, ambayo ndiyo inayolijenga na kulilinda lisikwaruzwe, na akiguswa huirudisha ndani mara moja.

Jina la pete alipewa mwaka 1758 na Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeweka utaratibu wa kumpa kila kiumbe jina la maneno mawili, la kwanza likitaja jenasi, yaani kundi la viumbe wa karibu, na la pili likitaja spishi yenyewe. Linnaeus, ambaye hakuwahi kufika Bahari ya Hindi na aliyewajua konokono hawa kwa magamba yaliyoletwa Ulaya na kwa vitabu vya wengine, aliwaweka kauri wote katika jenasi ya Cypraea, neno linalotokana na Kupro, kisiwa alikoabudiwa mungu wa kike wa uzuri wa Wagiriki. Huyu wa mstari wa dhahabu alimwita annulus kwa sura yake tu. Ndugu yake wa rangi ya manjano, mwenye vinundu ubavuni na aliyevuliwa kwa wingi sana katika visiwa vya Maldivi, ndiye aliyepewa jina la moneta, kutokana na hekalu la Juno Moneta mjini Roma, ambalo karibu yake Warumi walifua sarafu zao. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa wakati wake, kwa maana kauri wa Maldivi ndiye aliyekuwa fedha kwa karne nyingi: Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331 na baadaye akawa kadhi huko Maldivi, alieleza jinsi magamba hayo yalivyopelekwa Bengal kubadilishwa na mchele, kisha akayakuta tena yakitumika kama fedha katika nchi ya Mali.

Neno kauri lenyewe limetoka Bara Hindi, ambako mzizi wake katika Kisanskriti ni kaparda, nalo likaenea katika lugha za pande nyingi za bahari, Kiingereza kikiwa mojawapo. Katika Kiswahili neno hilo lilipata maana ya pili inayostahili kuangaliwa kwa makini, maana vyombo vya udongo mweupe unaong'aa, kama vile mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi, navyo huitwa vyombo vya kauri. Waitaliano walifanya jambo lilelile: neno lao porcellana lilikuwa jina la konokono huyu, na katika kitabu cha safari za Marco Polo linatumika kwa magamba na pia kwa vyombo vya China. Kikombe cha chai katika nyumba ya Mswahili, kwa hiyo, kina jina la konokono.

Kete nalo lilihama. Magamba madogo yaliyotumika kuchezea yalizipa punje za bao jina hilo, na leo mwandishi wa habari anaposema kwamba mwanasiasa amecheza kete yake ya mwisho, ni wachache wanaokumbuka bahari.

Sura nzito zaidi ya historia hii ilianza katika miaka ya 1840. Kabla ya hapo Wareno, Waholanzi na Waingereza walikuwa wamebeba kauri wa Maldivi kwa meli hadi Ulaya, kisha hadi Afrika Magharibi, ambako magamba hayo yalinunulia bidhaa na, kwa aibu isiyofutika, yalinunulia binadamu waliofanywa watumwa. Ndipo wafanyabiashara wa Hamburg, wa kwanza akiwa Hertz na baada yake kampuni ya O'Swald, walipotambua kwamba kauri wa pete alipatikana Zanzibar na pwani yake kwa bei ndogo mno, wakaanza kumpeleka Afrika Magharibi, hasa kwa ajili ya kununua mawese yaliyohitajika katika viwanda vya sabuni na mishumaa vya Ulaya. Huko kauri walihesabiwa 40 kwa mshipi mmoja, mishipi 50 ikafanya kichwa kimoja, na vichwa 10 vikajaza mfuko wa magamba 20,000. Mifuko ilipozidi kumiminwa, thamani ya kila gamba iliporomoka, na aliyeumia ni mkulima na mchuuzi wa sokoni aliyekuwa amejiwekea akiba ya magamba, akaamka na kukuta akiba hiyo hainunui tena kitu cha maana.

Wakati biashara hiyo ikiendelea, mwaka 1863, mtaalamu wa Ujerumani Franz Hermann Troschel, aliyechunguza meno ya konokono ili kuwapanga katika makundi, aliunda jenasi mpya ya Monetaria, ambamo leo kauri wa pete amewekwa pamoja na yule wa Maldivi. Hivyo neno la fedha liliingia katika jina la kundi lake katika kipindi kilekile ambacho wingi wake ulikuwa ukiiua fedha hiyo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali za kikoloni zilikataa kupokea kauri kama malipo ya kodi, na matumizi yake kama sarafu yakafifia. Hata hivyo, sarafu ya Ghana iliyoanzishwa mwaka 1965 inaitwa cedi, kutokana na neno la Kiakan la kauri, na katika Kiganda neno ensimbi, ambalo ni jina la magamba hayohayo, ndilo linalotumika mpaka leo kwa maana ya fedha.