Neva, si mshipa wa fahamu

"Mshipa wa fahamu" ni jina lililozoeleka la neva, lakini linapotosha. Neno "mshipa" tayari limeelemewa: kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa ngiri. Mshipa wa damu una uwazi ndani. Neva ni kifungu cha nyuzi zinazopitisha ishara za umeme. Kosa zito zaidi liko kwenye "fahamu": neva hufanya kazi hata pasipo fahamu. Ukigusa sufuria ya moto, ishara hukimbilia uti wa mgongo, na amri ya kukunja mkono hutoka hukohuko. Maumivu unayasikia mkono umeshaondoka. Tena, mtu aliyezimia hupoteza fahamu, lakini kwa kawaida huendelea kupumua, kwa sababu shina la ubongo halijaacha kutuma amri kwenye kiwambo cha kupumulia kupitia neva. Usagaji wa chakula nao huongozwa na neva bila wewe kuhusishwa.

Wapo watakaosema "neva" ni ya kigeni, na mwananchi anaelewa "mshipa". Ugeni si hoja: "damu" na hiyo "fahamu" zilitoka katika Kiarabu, na leo ni zetu. Kuhusu kuelewa, mtazame mgonjwa wa kisukari. Ugonjwa huo huharibu mishipa ya damu na neva pia. Akiambiwa tu "mishipa imeathirika", atawaza damu. Hatajua kwamba huenda mguu wake umekufa ganzi, kwamba msumari unaweza kumchoma asisikie, na kwamba anapaswa kukagua nyayo zake kila siku kwa macho.