Zhengzhou: uwanja wa ndege uliokuzwa na simu

Leo naweka programu kando tupige soga ya historia kidogo, ingawa simu za mkononi zimo ndani.

Zhengzhou ni mji mkuu wa mkoa wa Henan, katikati ya Uchina, mbali na bahari. Uwanja wake wa ndege, Xinzheng, ulifunguliwa mwaka wa 1997. Kwa miaka mingi haukuvuma. Mwaka wa 2010 mizigo iliyopita hapo haikufika tani 90,000. Mwaka wa 2020 ilizidi tani 600,000. Je, ni nini kilichotokea hapo katikati?

Jibu ni simu. Mwaka huo wa 2010, Foxconn, kampuni ya Taiwan inayoiundia Apple simu za iPhone, ilianza kazi Zhengzhou. Hebu piga hesabu: saruji haiwezi kujilipia nauli ya ndege. Simu inaweza, kwa sababu ni nyepesi, ni ghali, na kila wiki inayokaa melini inazidi kuzeeka. Kwa bidhaa ya namna hiyo, mji usio na bahari unaweza kuwa bandari.

Serikali nayo haikulala. Mwaka wa 2013 Beijing iliidhinisha eneo maalum la uchumi kuzunguka uwanja. Mwaka wa 2014 kampuni ya serikali ya Henan ilinunua asilimia 35 ya Cargolux, shirika la ndege za mizigo la Luxembourg. Jengo la pili la abiria lilifunguliwa 2015, na njia ya pili ya kurukia ndege ikafuata 2016.

Lakini sisi waundaji programu tunajua hatari ya mfumo mzima kuegemea seva moja. Kiwanda kilikuwa na watu wapatao 200,000. Oktoba 2022 Covid ilipoingia humo, wengi walitoroka kwa miguu, wakikata mashamba kurudi vijijini. Apple ikatangaza kwamba simu zingechelewa. Mwaka huo mizigo ya uwanja ikawa chini ya ile ya 2021.

Baadaye uwanja ulijiinua: 2024 ulipita tani 800,000, vifurushi vya wanunuzi wa mtandaoni vikichangia pakubwa. Kwa hivyo ukisikia uwanja unasifiwa kwa tani zake, uliza maswali mawili: mzigo huo ni wa wateja wangapi, na ni mikono ya nani iliyouunda?