Ziwa la Senftenberg: Maji Juu ya Mgodi
Ziwa hili la Lusatia, mashariki mwa Ujerumani, lilikuwa mgodi wa wazi wa makaa ya mawe ya kahawia, Niemtsch. Kati ya 1967 na 1972 shimo lilijazwa maji ya mto Schwarze Elster. Mwaka 1973 waogeleaji wakakaribishwa. Wapo wanaodai kwamba ufukwe umeficha tu kidonda cha ardhi. Hoja yao ina uzito: mwaka 2018 sehemu ya kisiwa kilichomo ziwani iliporomoka, ziwa likafungwa kwa muda. Lakini shimo likiachwa halitulii lenyewe. Maji ya chini ya ardhi hupanda polepole, mara nyingi yakiwa na asidi, na kulegeza mchanga. Maji ya mto hulijaza upesi na kuzipa kingo egemeo. Basi ogelea kwa furaha, ila kisiwani usikanyage: kimeachiwa ndege.