Maji ya Jangwani na Elimu ya Kupima



Ndugu msomaji, neno "utafiti" siku hizi limo midomoni mwa kila mtu. Viongozi wanalitaja, vyuo vinajengwa kwa ajili yake, na vijana wetu wanaambiwa kwamba uvumbuzi ndio utakaowapatia riziki, uinue shule na kuyaponya mazingira. Sina ugomvi na maneno hayo. Lakini nimekaa miaka mingi nikisomesha watoto karibu na bonde la Msimbazi, na nimeona kwamba mara nyingi elimu ipo. Kinachokosekana ni kumwuliza anayejua, na akishajibu, kumsikiliza. Nataka tulitazame jambo hili kwa kisa cha Jangwani, lakini kwanza tuutazame mto mwingine mkubwa zaidi, nao ni Nili.

Mwaka 247 Hijria, yaani 861 Miladia, katika enzi ya Khalifa Al-Mutawakkil wa Bani Abbas, kilijengwa katika kisiwa cha Rawda, huko Misri, kisima cha mawe chenye nguzo katikati. Nguzo ile ilichongwa alama za dhiraa, na maji ya mto yakaingizwa kisimani kwa njia za chini ya ardhi. Kila msimu wa mafuriko msimamizi aliyasoma maji yamefika wapi. Yakitimia dhiraa 16 watu walitaraji mavuno mema, na serikali ikajua kwamba kodi ya ardhi inaweza kutozwa. Yakipungua, palikuwa na hofu ya njaa, na yakizidi mno, hofu ya gharika. Kisima hicho kipo hadi leo na wageni hukizuru. Tazama basi: mtawala hakukisia kodi kwa matamanio yake, bali alingoja kwanza nguzo iseme.

Baada ya hapo akatokea Ibn al-Haytham, mtu wa Basra, aliyezaliwa mwaka 354 Hijria. Wanahistoria wanasimulia kwamba alipokuwa Iraq alisema lau angekuwa Misri angeufanyia mto Nili jambo la kuwafaa watu, maji yanapojaa na yanapopungua. Habari zikamfikia Al-Hakim, mtawala wa Kifatimi, akamwita na kumpa watu na zana. Ibn al-Haytham akapanda na mto mpaka karibu na Aswan. Njiani aliyaona majengo ya watu wa kale, ustadi wake na hesabu zake, akajiambia kwamba kama jambo lile lingewezekana, hawa waliomtangulia wasingeliacha. Alipofika mahali penyewe akapima, akaona haliwezekani kwa zana za zama zake. Akarudi akakiri mbele ya mtawala mkali kwamba amekosea. Halafu kwa kuogopa ghadhabu yake akajifanya mwendawazimu, akakaa ndani ya nyumba yake hadi Al-Hakim alipotoweka mwaka 411 Hijria. Katika miaka hiyo ndipo ilipoandikwa kazi yake kubwa, Kitab al-Manazir, juu ya nuru na kuona, ambayo Ulaya ilisoma kwa karne nyingi. Bwawa la Aswan lilijengwa katika sehemu hizo hizo karibu miaka 950 baadaye, likakamilika mwaka 1970, kwa saruji na mitambo ambayo yeye hakuwa nayo.

Wengi wetu tukikisimulia kisa hiki tunasifu kile kitabu. Mimi nasifu zaidi safari ile ya Aswan. Mtu alikuwa na rai, akaenda kuipima, na alipoona haisimami akaiacha.

Na kabla ya Ibn al-Haytham tunaye mwalimu mkubwa zaidi. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa Madina wakipandikiza maua ya mitende, akadhani huenda kazi ile haina haja. Wakaiacha, na mavuno yakawa mabaya. Aliposikia aliwaambia kuwa wao ndio wenye kuyajua zaidi mambo ya dunia yao. Ikiwa yeye, aliyekuwa akipokea wahyi, aliurudisha mtende kwa mkulima wake, afisa wa leo atauonaje unyonge kuuliza habari za mto kwa mtu anayelala kando yake?

Sasa turudi nyumbani. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu, unashuka kupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na kumwaga maji yake baharini penye Daraja la Salender. Safari yote ni kama kilomita 35. Hapo Jangwani, Barabara ya Morogoro inapolivuka bonde kutoka Magomeni kuja mjini, pana uwanda mpana, na mvua ikinyesha Pugu maji hutafuta uwanda huo kama mtu arudiye kwao. Jambo hilo halikuwa siri. Mpango wa jiji wa mwaka 1979 ulilihesabu bonde kuwa ardhi ya hatari, isiyofaa kwa makazi.

Watu wakajenga hata hivyo, wala tusiwe wepesi wa kuwalaumu. Kuli wa soko la Kariakoo anayeamka kabla ya alfajiri hana nauli ya kutoka mbali. Bondeni chumba kilikuwa rahisi na kazini alikwenda kwa miguu. Aliyajua maji vizuri kabisa, ila aliijua njaa pia.

Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo mfano wake haukuonekana jijini tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa. Siku zile tulitoa mikeka ya madrasa na juzuu za watoto zikiwa zimevimba kwa maji, tukazianika juu ya mabati, na nyingi hazikufaa tena. Serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande, na baadhi yao baada ya muda wakarudi bondeni, kwa sababu ile ile ya nauli. Kisha, pamoja na somo hilo, karakana ya mabasi yaendayo haraka ikajengwa pale pale Jangwani. Mabasi yakaanza kazi Mei 2016, na mvua kubwa zilipokuja, hasa zile za Aprili 2018, yadi ikawa ziwa na barabara ikafungwa. Uchunguzi wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kuwa mafuriko hayo ya 2018 yaliwagharimu watu wa jiji zaidi ya dola milioni 100. Nini kilichokosekana hapo? Wahandisi walikuwapo, na mpango wa 1979 ulikuwa kabatini.

Palikuwa na watu waliofanya kinyume, nao wanastahili kutajwa. Mwaka 2015 ilianza kazi iitwayo Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaani pamoja na wakazi wenyewe, wakichora kila njia, kila mtaro na kila nyumba, kwa sababu katika ramani za zamani sehemu hizo zilikuwa kama hazina watu. Tume ya Sayansi na Teknolojia, Jiji, Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia walishirikiana nao. Wakawauliza wenyeji maji yalifika wapi, magotini au kifuani. Mama mmoja angeweza kuonyesha alama ya tope ukutani mwake. Ukuta ule ulikuwa nguzo yetu ya Rawda, ila hapakuwa na msimamizi wa kuisoma. Ramani zilipokamilika ziliwekwa wazi kwa kila mtu. Wanafunzi wale, nadhani, walisoma zaidi kwenye vichochoro vile kuliko darasani, ingawa walimu wao wanaweza kubisha.

Mbu wa maji hayo wana habari ya namna hiyo. Robert Koch, mtaalamu wa Kijerumani, alikuja Dar es Salaam mwaka 1897 na kuchunguza malaria. Lakini kazi iliyoanza mwaka 2004, ya kukagua madimbwi ya mbu kata kwa kata na baadaye kuyatia dawa ya kuua viluwiluwi, ilitegemea wakazi waliochaguliwa katika mitaa yao wenyewe. Ndio waliojua lilipo kila shimo la maji.

Na mtu asidhani kuwa sisi wenyewe hatuna wavumbuzi. Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli. Paa lake lilifanywa kama miavuli iliyogeuzwa, ili mvua ikusanywe na kushushwa katika matangi chini ya jengo. Moto uliliunguza Julai 2021, likafanyiwa ukarabati mkubwa. Kutoka soko hilo hadi bondeni ni mwendo mfupi kwa miguu: huku maji ya mvua yalipangiwa mahali pa kukaa tangu jengo likiwa karatasini, na kule yalisahauliwa.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi: daraja la juu zaidi pale Jangwani, karakana ya mabasi kuondolewa, miti kupandwa juu ya mto, na uwanda kuwa bustani ambayo maji yakija yatapata pa kutandaa. Rai hii imepimwa, nami naiunga mkono. Nyumba zimeanza kubomolewa, na hapo ndipo panaponipa wasiwasi. Fidia hutazama kwanza mwenye nyumba. Mpangaji, yule kuli wetu, na mama anayeuza uji kibarazani, wamepimwa kwa dhiraa gani?

Wanafunzi wangu wakubwa niliwatuma baada ya swala ya Alasiri, wakawaulize waliohama wanakokaa sasa, wanatumia nauli kiasi gani, na watoto wanasoma wapi. Wamejaza daftari mbili, na bado hawajamaliza upande wa Kigogo.