Chumvi Ndani ya Mtutu

Tukisimuliwa habari za Keya, yaani askari wa King's African Rifles, huwa tunaambiwa ushujaa wao tu: walishambulia, walivuka mto, waliteka mji. Mimi nina swali dogo. Bunduki zikishanyamaza, askari huyo alifanya nini na ya kwake? Usicheke, ndugu msomaji. Hapo ndipo ilipojulikana kama kesho atashika silaha au gongo la chuma.

Chukua mwaka 1944, kule Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipita bonde la Kabaw katika mvua za monsuni, ikaingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Matope, malaria, na begani Lee-Enfield ya risasi za .303.

Utadhani mvua peke yake ndiyo iliyotia kutu bunduki hizo. La hasha! Adui mwingine alikuwa ndani ya risasi yenyewe. Nyuma ya risasi kuna fataki, ile inayogongwa na pini ili iwashe baruti. Fataki za siku zile zilitiwa kloreti ya potasiamu. Ikilipuka, hubaki kloridi ya potasiamu, nayo ni chumvi, ndugu wa hii ya mezani. Hunata mtutuni, huvuta unyevu wa hewani, na chuma kikaanza kuliwa. Kikulacho ki nguoni mwako, bwana! Mwaka 1922 Mmarekani Wilbert Huff alithibitisha kisayansi kwamba mkosaji ni chumvi hiyo.

Sasa dawa yake nini? Asiyejua angekimbilia mafuta. Lakini mafuta hayayeyushi chumvi. Huifunika tu, ikaendelea kula chini kwa chini. Dawa ni maji, tena yaliyochemka. Yalimiminwa kwa faneli kutoka nyuma ya mtutu, yakatokea mdomoni pamoja na chumvi. Kwa nini ya moto? Kwa sababu chumvi huyeyuka haraka, na chuma kikipata joto hukauka upesi. Halafu ikatolewa kamba iliyohifadhiwa ndani ya kitako cha bunduki, ikavutwa mtutuni na kitambaa cha inchi 4 kwa 2, mara kadhaa, mpaka kitoke kikavu na safi. Mafuta yalikuja mwisho.

Hebu fikiria kuchemsha maji kwa kuni mbichi, mvuani, huku moshi ukiweza kumwonyesha adui ulipo! Kazi hiyo haikumpatia mtu nishani, ndiyo maana haimo katika masimulizi yetu. Lakini mimi nasema mzee aliyerudi kutoka Burma hakurudi na ushujaa mtupu. Mikono yake ilijua kemia, hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Basi sisi vijana tukikaa naye, tusimwulize aliua wangapi. Tumwulize habari za lile birika.